Njaa Yangu Katikati ya Sukari

Wewe uliyetoka kliniki leo na kichupa cha insulini mfukoni, unatembea taratibu kama mtu aliyebeba mayai, hujui utaanzia wapi kumweleza mke wako, sogea karibu. Njia hiyo nimeipita. Niliipita vibaya, nikarudishwa nyuma, nikaipita tena vizuri, na sasa nanenepa. Ungekuwa hapa ningekuonyesha mkanda wangu.

Ninaitwa Byamungu. Huku Juru, katika kambi ya Nakivale, ukisema tu "Byamungu wa mashine" hata mbwa watakuelekeza. Nilitoka Walungu, Kivu ya Kusini, nikaingia Uganda na baiskeli isiyo na breki na mke mwenye mimba. Shule niliiacha darasa la tatu. Lakini leo nina mashine ya kusaga, ya dizeli, yangu mwenyewe, na nilijenga nyumba ya mabati wakati wenzangu wengi bado wako chini ya turubai. Sisemi haya kujisifu. Nasema ujue kwamba ugonjwa huu haukumpata mtu dhaifu.

Mashine ile inawashwa kwa hendeli. Wanaume wawili huizungusha pamoja wakitoa jasho. Mimi nilikuwa naizungusha peke yangu, huku naongea na wateja, na wanawake waliokuja na mahindi yao walikuwa wananyamaza kidogo kuniangalia. Kwa hiyo nilipoishika asubuhi moja mwezi wa tatu, mvua za kupanda maharage zikiwa zimeanza, na mkono ukakataa, nilidhani ubaya uko kwenye mashine. Nikaifungua. Nikaisafisha yote, nikabadilisha oili. Mashine ilikuwa nzima.

Kiu ndiyo ilifuata. Mke wangu Furaha, ambaye watu humwita Mama Zawadi kwa jina la binti yetu wa kwanza, ndiye aliyeiona kabla yangu.

"Papa Zawadi, unakunywa maji kama ngombe ya Banyankole."

"Ni joto."

"Joto gani? Mvua inanyesha tangu asubui."

Nilikuwa namaliza kidumu cha lita tano kabla ya saa sita, na maji yote yanatoka palepale. Njia ya chooni niliichimba kwa miguu. Halafu nyama ikaanza kuniaga. Mkanda niliutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha la pili, kisha la tatu. Kwetu tumbo la mfanyabiashara ni kibao cha duka. Mwenye mashine ya kusaga akikonda, watu watasema nini juu ya unga wake? Nikaanza kuvaa mashati mawili chini ya veste, lile koti langu, baadaye matatu, katikati ya jua, nikitembea kifua mbele. Wengine walinong'ona nimerogwa. Wengine walitaja ule ugonjwa mwingine. Mimi nilisema nina kazi nyingi.

Sasa sikiliza kosa letu, maana ni kosa la upendo, na kama wewe ni mtu wa kwetu limeshaanza nyumbani kwako. Kwetu mgonjwa haamkiwi mikono mitupu. Unampelekea sukre, ndivyo sisi Wakongo tunavyoita soda, unampelekea sukari, unampelekea juisi ya marakuja, unampelekea ile glukosi ya unga ya kwenye boksi, ili apate nguvu. Na mimi si mtu mdogo. Wakulima wote wa Juru wanaosaga kwangu walikuja. Chupa nilizipanga dirishani, kwa rangi, ili kila anayeingia aone ninavyoheshimiwa. Wiki ya pili dirisha lilikuwa halipitishi mwanga. Nilikunywa zote. Juu yake Furaha akanipikia uji wa mahindi yangu mwenyewe, vijiko sita vya sukari katika kila bakuli.

"Kunywa, nguvu irudie."

Nilikunywa. Kadiri walivyonimiminia nguvu, ndivyo nilivyoishiwa. Ilifika mahali nakaa kwenye kiti naangalia nzi ametua kwenye goti langu, na nampigia hesabu: nikimfukuza, nitabaki na nguvu ya kula mchana? Nikamwacha.

Kilichonifikisha kwa munganga, yaani daktari, ni kanisa, ingawa kanisa halikukusudia. Mzee Ruben, mzee wetu wa kanisa, mtu mwema mwenye pua ndefu, alikuja kuniombea, akaweka mkono kichwani mwangu, akainama, halafu akajitenga kama aliyechomwa. Alhamisi mchana nikaitwa mbele ya wazee wote.

"Ndugu Byamungu," akasema, "sisi hatukuhukumu. Lakini pumzi yako inanuka kasiksi."

Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi. Mimi sijaionja tangu Zawadi azaliwe.

"Sijanywa," nikasema. Lakini kusema kwenyewe kulikuwa kazi. Nilikuwa navuta pumzi ndefu na za haraka, kama mtu anayepandisha gunia mlimani, na nimekaa tu kwenye benchi. Tumbo liliniuma. Maneno yalitoka yamechanganyika.

"Mumuone," akasema Mzee Ruben kwa huzuni ya kweli. "Hata kuongea hawezi."

Nikasimama kujitetea, nikatapika mbele ya wazee wa kanisa, nikaanguka.

Furaha alikuwa nje akisikiliza dirishani. Aliingia bila kuitwa. "Huyu bwana yangu hakunywa pombe. Mukitaka kumuombea, mumuombee mu njia. Tunaenda kwa munganga." Mzee Ruben ndiye aliyekimbia kutafuta pikipiki, lazima niseme hilo. Nikapakiwa katikati, dereva mbele, Furaha nyuma amenishika kama mzigo wa mihogo.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alinusa mdomo wangu mara moja tu. Hakuuliza nilikunywa na nani. Alinichoma kidole, akaweka tone kwenye kimashine, na kimashine kikakataa kutoa namba. Sukari ilikuwa imepita mwisho wa hesabu yake. Ambulansi ikaitwa. Safari ya hospitali ya Mbarara siikumbuki, na ni aibu, maana ndiyo siku pekee niliyopita barabara ile magari yote yakinipisha.

Wodini nilikaa siku tisa. Mbili za kwanza si zangu, waulize wengine. Furaha anasema walinitundikia maji mfuko juu ya mfuko, na dawa ikipita kwenye mshipa, na kila saa kidole. Ninachokumbuka ni sauti ya Sista Kobusingye, muuguzi Mnyankole, mwenyeji wa huku, mwenye mwili wa heshima, anayesema Kiswahili kile cha askari.

"Wewe mzee. Hapana kufa kwa wodi yangu. Leo mimi hapana taka kuandika makaratasi."

Siku ya tatu nilifungua macho nikasikia kitu ambacho sikukisikia kwa wiki nyingi: njaa ya kawaida. Njaa ya mtu. Dada mmoja wa Kakiika aliyekuwa anamuuguza kaka yake kitanda cha pili alimwonea Furaha huruma, akatukatia bitoke vya kuchemsha kutoka kwenye sufuria yake, vya moto, bila chochote juu. Hakutujua. Nilikula ndizi ile Sista akiwa ameshanidunga, nikahisi joto linashuka mpaka kwenye vidole vya miguu. Nikaangalia mikono yangu juu ya shuka. Ilikuwa mikono ya baba yangu wa siku za mwisho. Nikalia, na Furaha akanifuta uso kwa serviette, taulo yetu, akijifanya ananipangusa jasho kwa sababu wodi ilikuwa imejaa wanaume.

Walinieleza kwamba nina diabeti, yaani kisukari, na kwamba mwili wangu umeacha kutengeneza insulini, kwa hiyo nitajidunga kila siku, asubuhi na jioni, maisha yangu yote. Nikikosa siku chache, nitarudi pale pale. Nikitaka kuishi, ni hivyo. Sista alimfundisha Furaha kudunga chungwa. Alinifundisha na mimi. Chungwa nililidunga vizuri sana, watu wakasifu.

Tumbo langu ni jambo jingine. Nitasema ukweli ambao niliuficha: mimi Byamungu naogopa sindano. Si maumivu, hakuna maumivu, ni kama kuumwa na siafu mdogo. Ni kuiona inaingia. Furaha alikuwa ananidunga, na mimi nahesabu misumari ya mabati.

Nyumbani hatuna friji. Furaha akaweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, maji juu ya mchanga, na kichupa humo ndani kinapoa, kimefichwa kama bibi harusi. Wageni waliendelea kuja na sukre zao. Kukataa zawadi kwetu ni kumtukana mtu, kwa hiyo Furaha akavumbua njia: anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, anafungua palepale, anamnywesha aliyeleta. Mzee Ruben alikuja kuniomba msamaha na chupa mbili kubwa. Alizimaliza zote mbili, kwa sababu Furaha alisimama mbele yake mpaka mwisho.

"Mama Zawadi, nimeshiba," akasema.

"Kunywa, mzee. Ni juu ya upendo."

Kila mwezi ni kliniki Mbarara. Tunafika mapema, tumbo tupu, tunakaa kwenye benchi refu la varanda kungoja kupimwa ndipo tudunge na kula. Watu arobaini wenye njaa kwenye benchi moja, utasikia mambo. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Godeliva. Ni Mrundi, mwembamba, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Huko Gitega alikuwa mwalimu wa biolojia wa sekondari. Sasa anauza nyanya sokoni Nakivale, na ana diabeti tangu zamani kuliko sisi wote.

"Wewe ndiye yule wa mashine anayepiga kelele?" akaniuliza.

"Ndiye mwenyewe."

"Basi sogea. Benchi halijui utajiri."

Nikasogea. Nilikuwa na swali lililonisumbua, na huyu alikuwa msomi. "Mama, nieleze. Damu yangu ilijaa sukari. Sukari ni nguvu. Mbona nilikosa hata nguvu ya kufukuza nzi?"

"Nani alikwambia sukari ni nguvu?"

"Hata mtoto anajua."

"Kuni ni moto?"

"Kuni si moto. Kuni ni kuni mpaka uziwashe."

"Voilà. Sukari ni kuni." Akanyoosha mkono kwenye mti wa avoka, yaani parachichi, uliosimama kando ya varanda, akachuma jani moja. "Sukari inatoka wapi, bwana wa mashine?"

"Dukani."

Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka, alingoja, mwalimu ni mwalimu. Nikasema kwenye muwa. Akauliza muwa unaipata wapi. Nikasema huko sijawahi kufika.

"Jani ndilo linaipika," akasema. "Jua ni moto wake. Maji yanapanda kutoka kwenye mizizi. Na hewa ile chafu unayoitoa puani inaingia kwenye vitundu vya jani, vidogo hata jicho halivioni. Jani linapika hayo yote pamoja, linapata sukari. Nyingine linaihifadhi, inakuwa wanga kwenye mahindi yako, kwenye muhogo, kwenye ndizi. Hewa safi inayobaki linaiachia, tunaivuta sisi. Vitabu vinaita usanisinuru. Wewe ita jiko la jani."

"Na hewa hiyo linatoa bure?"

"Bure."

"Mimi ningelipisha."

"Ndiyo maana Mungu hakukufanya jani." Akaniwekea lile jani gotini. "Sasa huku kwako. Nyama yako yote, ngozi, mfupa, ubongo kama upo, imejengwa kwa chembe ndogo ndogo. Zinaitwa seli. Kila seli ina meko yake ndani. Inapokea sukari kutoka kwenye damu, inapokea hewa safi kutoka kwenye damu, inaviunguza polepole, bila ndimi za moto. Hapo ndipo nguvu inapotoka. Ya kuinua mkono, ya kufikiri, ya moyo kupiga. Kinachobaki ni joto, maji kidogo, na hewa chafu. Unaitoa puani. Jani linaipokea."

Nikakaa kimya, jambo ambalo Furaha anasema halijatokea tena. Nilikuwa naona kitu. "Ni dizeli," nikasema.

"Nini?"

"Mashine yangu. Inavuta hewa, inachoma mafuta, inatoa joto na moshi, na kazi inafanyika. Ukiziba hewa inazima. Ukiziba mafuta inazima."

Aliniangalia juu ya ile miwani yake ya uzi. "Umefika karibu kuliko wanafunzi wangu wengi. Ila wewe unazo nyingi kuliko punje za unga katika magunia yote uliyosaga tangu uanze."

"Mumesikia," nikaliambia benchi. "Mashine nyingi kuliko punje."

"Na zote zilikuwa na njaa," akasema. "Sukari imejaa mlangoni, haiingii."

Hapo sikuhitaji kuelezwa tena. Kwenye mdomo wa juu wa mashine, pale tunapomimina mahindi, kuna kibati unachokivuta ili yashuke. Kikikwama, mahindi yanajaa mpaka yanamwagika, na chini mashine inazunguka tupu. Nikamwambia. Akapiga goti lake kwa furaha: insulini ndiyo mkono unaovuta kibati. Mimi mkono ule umekatika ndani, ndiyo maana naupata kwenye kichupa. Na yale mashati matatu, ule mkanda, ile kasiksi ya Mzee Ruben? Seli zilipokosa sukari zilianza kuchoma mafuta ya mwili wangu kwa haraka haraka, tumbo lile lile nililojivunia, na uchomaji wa namna ile unaacha asidi kwenye damu na harufu mdomoni.

"Wazee wa kanisa walinusa mwili wako ukijila," akasema Mama Godeliva.

Nilirudi Juru nimejaa elimu kama gunia lililoshonwa. Nilifundisha wateja. Nilifundisha kuku. Na hapo ndipo nilipoharibu, maana elimu kidogo kwa mtu mwoga ni jembe mkononi mwa mlevi. Nilipiga hesabu zangu: sukari inachomwa na hewa safi; hewa safi inatolewa na majani; mimi nina shamba la maharage, majani mpaka kwenye upeo. Basi nikikaa katikati ya maharage mchana kutwa nikivuta pumzi kwa bidii, sukari itaungua yenyewe. Sindano ya nini?

Nilimwambia Furaha, "Mi ni mwanaume. Tangu leo ninajidunga mwenyewe." Alifurahi, maskini. Nilikuwa nachukua sindano iliyojazwa, naenda nyuma ya nyumba, namwaga dawa kwenye udongo. Kisha nabeba kiti shambani.

Watu walipita na baiskeli zao. "Papa Zawadi, unachunga maharage?"

"Navuta hewa."

"Hewa ya huku njiani imeisha?"

Siku ya kwanza nilijisikia mshindi. Ya pili nikabeba kidumu cha maji shambani. Ya tatu nikabeba viwili. Furaha alikuja na jembe, akaviona, akasimama. Aliinama akaninusa mdomo mbele ya wapita njia, kama mtu anayenusa maziwa. Halafu akaenda nyuma ya nyumba, akakuta pale ninapomwaga, siafu wamepita na udongo una alama ya mvua siku ambayo haikunyesha.

Nilidhani atapiga kelele. Kelele ningeziweza. Alikaa chini kwenye maharage, akaongea polepole.

"Ulikufa mara moja, nikanyamaza. Nikakaa siku tisa chini ya kitanda yako. Sasa ukikufa tena, batoto bataniuliza. Nitabaambia kweli: baba yenu alikufa juu ya kuogopa kintu kidogo kupita mwiba."

Alirudi na sindano nyingine. Nikapandisha shati palepale kati ya maharage, nikaangalia mawingu. Tulienda Mbarara siku ile ile. Walinirekebisha kabla sijafika kuanguka. Furaha hakuniongelesha njia nzima, wala wiki nzima iliyofuata isipokuwa kwa neno moja, "pandisha". Sindano ikawa yake. Zawadi alikuwa ananiletea chakula na kuniambia, "Mama anasema ule," na mama amekaa hatua tatu kutoka hapo.

Mama Godeliva alipoisikia habari hiyo kwenye benchi alivua miwani akaipangusa kwa kitenge. "Yoo, mugabo we, mwanaume wewe. Hewa ilikukosa lini? Siku uliyoanguka kanisani ulikuwa unapumua kama mvukuto wa mhunzi. Hewa ilikuwepo. Sukari ilikuwepo. Kilichofungwa ni mlango, na wewe ukaenda kuongeza upepo uani."

"Mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Uliogopa, ukaitafutia hofu yako sayansi. Wanafunzi wangu wengi walifanya hivyo siku ya mtihani."

Hakuna mtu aliyewahi kunitukana vizuri namna ile.

Sasa nikwambie mazuri, maana ndiyo mengi. Mwezi wa sita maharage yalivunwa, mahindi yakaanza kukauka, na nyama ikarudi. Ilianza usoni. Kisha mabegani. Shati moja likatosha, tena likabana. Niliacha kiti cha nzi. Nikawa naamka kabla ya jogoo si kwa sababu ya choo bali kwa sababu nina nguvu na sijui pa kuipeleka. Furaha akaanza tena kunitania, na mwanamke akikutania ujue amekusamehe nusu. Nakula ugali, lakini nakula kwa kipimo, na sombe nyingi, majani ya muhogo, na nikimaliza natembea mpaka kwa jirani na kurudi. Mashine nikaishika tena kwa mikono miwili, na ikawaka.

Na kuna furaha ambayo sikuitegemea. Asubuhi jua likitoka nasimama kwenye njia ya shambani naangalia majani yamejigeuza, kila moja limefungua kiganja, linapika. Kimya kabisa. Hakuna moshi wala mtu anayepiga kelele kwamba anafanya kazi. Natoa pumzi yangu hapo, nasema chukueni. Miaka arobaini na sita nilikula jua na sikujua. Mtu aliyeacha shule darasa la tatu anajua sasa kwamba joto la mkono wake lilikuwa jua la mwezi wa nne juu ya shamba la mtu fulani. Nikiwaeleza hayo wateja, wananiambia, "Papa Zawadi, saga." Nasaga.

Kliniki ya mwezi wa saba, kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno, tulimkuta mzee mmoja wa Biharwe kwenye benchi. Mfugaji, kofia kubwa, fimbo, buti za mvua. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani kama mtungi uliobonyea. Mtoto wake wa kiume, mtu mzima, alikuwa amesimama pembeni amekata tamaa. Sista Kobusingye alikuwa na sindano iliyojazwa mkononi, na mzee amefunga koti vifungo vyote.

"Shebo, mzee wangu, sukari yako iko juu sana," Sista akamwambia. "Leo tunaanza."

"Mimi hapana taka hiyo. Mtu naanza sindano, nakufa na sindano."

Sista akageuka, akaniona. "Wewe wa kelele. Kuja hapa. Ongea na huyu."

Ungetegemea nifurahi. Nilikaa karibu na yule mzee, nikamwuliza habari za ng'ombe wake. Nikamweleza yote kwa Kiswahili kile chepesi cha sokoni: majani kula jua, ng'ombe kula majani, wewe kunywa maziwa. Ndani ya mwili ziko jiko ndogo ndogo, nyingi kupita nyasi ya Biharwe. Maziwa yamefika mlangoni, mlango umefungwa. Dawa hii inafungua.

Alisikiliza vizuri. Mfugaji anajua mnyama anayekonda na majani yamejaa.

"Wewe umeogopa?" akaniuliza.

Furaha alikuwa pale, na benchi zima, na Mama Godeliva na miwani yake. Ningeweza kusema hapana. Ningelisema vizuri kabisa, nina kipaji.

"Nimeogopa sana," nikamwambia. "Nilimwaga dawa chini siku tatu. Nilimdanganya mke wangu, huyu hapa. Nilikuwa karibu kufa mara ya pili, sababu ya hofu tu. Na mpaka leo yeye ndiye ananidunga. Mimi naangalia juu."

Furaha alikuwa ameshatoa sindano yangu ya asubuhi kwenye mfuko, amenyonya kipimo changu, amekaa tayari kama kila siku. Nikanyoosha mkono. Alinitazama kidogo, akaniwekea kiganjani.

Nikapandisha shati. Nikaibana ngozi ya tumbo, tumbo linalorudi, namshukuru Mungu. Nikaiangalia ncha mpaka ikaingia, nikasukuma, nikahesabu mpaka kumi kama chungwa lilivyonifundisha, nikaichomoa. Ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, jua limenipiga mgongoni, na njaa nzuri inanipanda.

Yule mzee wa Biharwe akampa mtoto wake fimbo, akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akapandisha shati juu ya tumbo lililokauka. Sista akainama na sindano. Mzee akaanza kugeuza uso ukutani.

"Mzee," nikamwambia, "hapana angalia sindano. Angalia mimi."

Akaniangalia.